Sekunde Kumi na Mbili za Kirongwe

Mwaka huu nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye hifadhi ya bahari hapa Mafia, ambako nilikaa chumba cha redio nikiwasiliana na vyombo tangu redio zenyewe zilipokuwa na ukubwa wa sanduku la nguo. Huko walinipa doti ya kanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mara ya pili ni kwenye usimamizi wa klabu yetu ya briji ya mtandaoni, ambako sikupewa kitu kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa kitu. Wasimamizi wapya wameniomba niwaandikie niliyoyapitia, nami nimekubali kwa sharti kwamba hakuna atakayeniuliza nilipanda cheo lini. Cheo katika klabu yetu ni kimoja tu, nacho ni kupigiwa simu wakati wali uko motoni.

Kwa asiyeijua briji nieleze kidogo, maana hata mume wangu, baada ya miaka yote hii, anadhani tunacheza karata za watoto. Mnacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Kwanza kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu yake anataja aina ya karata anayotaka iwe turufu na mizunguko mingapi anaahidi kushinda, au anasema pasi. Zaidi ya hapo hasemi neno. Hakohoi, hakunji uso, hapepesi macho. Mwenzako anatakiwa ajue kilichomo mkononi mwako kwa mnada wako tu. Msimamizi huitwa pale mtu anapohisi kwamba upande wa pili umepitisha habari kwa mlango wa uani.

Mimi niliingia kwenye mchezo huu kwa ajili ya betri. Ofisi ilikuwa ikinituma Kilindoni kununua betri za redio za mkononi, na duka lenye betri zisizokufa baada ya siku mbili lilikuwa la Mzee Akber, mwuza misumari, kamba na vifaa vya umeme, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi na yeye mwenyewe hajatoka Mafia ila kwa lazima. Nyuma ya duka kulikuwa na meza ya mninga. Kila Jumamosi baada ya alasiri wazee wanne walikaa pale kimya utadhani wamefiwa. Siku moja nilipokwenda, mmoja wao alikuwa amesafiri.

"Wewe mama wa redio," Mzee Akber aliniita, "hebu njoo ukae hapa."

"Mzee, mimi karata sijui."

"Karata utafundishwa. Kunyamaza mtu hafundishwi ukubwani, na wewe kazi yako ni kusikiliza. Kaa."

Nikakaa. Siku ile nilitupa ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, mapema kama mtu anayetupa maganda ya ndizi, na mwenzangu akafumba macho kwa uchungu. Lakini Mzee Akber hakunicheka. Alinifundisha miaka minane, Jumamosi kwa Jumamosi, na hakuwahi kunitoza chochote ila kikombe cha chai cha zamu. Kama nina utulivu wowote wa akili uzeeni, sehemu kubwa niliupata kwenye meza ile, na namshukuru mpaka leo.

Korona ilipokuja, wazee waliacha kukaa meza moja. Mtoto wa Mzee Akber aliyeko Dar es Salaam akamwekea baba yake programu ya briji kwenye tableti, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa na klabu yenye watu wa Kilindoni, Kirongwe, Tanga, Dar, Unguja na Mombasa. Ikatafutwa mtu wa kusimamia. Wote walikuwa wanataka kucheza, hakuna aliyetaka kuamua. Wakasema Rukia ana sauti ya kuamrisha vyombo, apewe yeye. Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa, na mkisikia mtu anasema nilichaguliwa kwa kipaji, mkatazeni.

Siku yangu ya kwanza niliitwa na meza tatu kwa wakati mmoja. Nikabonyeza kitufe nikidhani nawajibu, kumbe nimefunga mashindano yote. Watu ishirini na wanne wakabaki wanatazama kioo kitupu. Bwana mmoja wa Tanga aliandika kwenye grupu, "Msimamizi ametuhurumia, ameona tulivyokuwa tunacheza vibaya." Nililia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikaanza upya.

Kifaa changu cha kazi kilikuwa daftari. Redioni tulifundishwa kuandika kila kinachosikika: saa, nani ameita, kasema nini. Nikalihamishia zoea hilo kwenye karata. Aliyeitisha msimamizi nilimwandika, lalamiko lake nikaliandika, na hukumu yangu chini yake. Nilijivunia sana daftari lile. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini sasa silionei fahari tena.

Mengi tuliyoamua yalikuwa madogo. Kulikuwa na mwanasheria mstaafu wa Dar aliyekuwa akikata rufaa kwa kila alama moja. Nilijifunza kumjibu, "Nimepokea, nitakujibu baada ya swala," na nikirudi nakuta mwenyewe ameshaifuta. Kulikuwa na mume na mke wa Unguja waliocheza pamoja wakiwa wamekaa kochi moja, kila mmoja na simu yake. Nilipowaomba wakae vyumba tofauti, walinijibu bila kuona haya kwamba wana chumba kimoja tu chenye feni. Nikaamua kila mmoja atafutiwe mwenza mwingine. Ndoa haikuvunjika, ila matokeo yao yalishuka kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Briji ina kanuni kuhusu kusita. Mtu mwenye karata mbovu husema pasi upesi, hana la kufikiria. Mtu aliyekaa muda mrefu ndipo akasema pasi, ana kitu mkononi, na mwenzake akishaliona hilo ameshapata habari asiyostahili kuwa nayo. Kusita si kosa. Kosa ni mwenzako kupandisha mnada kwa sababu ulisita. Msimamizi akiona hivyo, anayafuta matokeo na kuwapa alama upande wa pili.

Mwalimu Salma wa Kirongwe alikuwa mchezaji wetu mpole kuliko wote. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, asubuhi akifundisha shule ya msingi na jioni madrasa, na alicheza na kaka yake Mahadhi aliyeko Tanga. Kwa watu wa nyumbani kwa mumewe karata ni karata tu, na nyingi zinanuka kamari. Walimvumilia kwa neno moja: hakuna kamari wala hila. Hilo nililijua, na bado nikafanya nilichofanya.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya mashindano ya msimu. Mchezaji mmoja alipatwa na dharura, ikabidi msimamizi aketi mahali pake ili meza isivunjike. Huo ulikuwa utaratibu wetu, na ulikuwa mbovu, ila hatukuwa tumeuona ubovu wake. Nikaketi kuwa mwenza wa Mzee Akber, dhidi ya Salma na Mahadhi. Yeyote atakayeshinda mchezo ule wa mwisho ndiye bingwa wa msimu. Mzee Akber alikuwa na miaka themanini na hajawahi kushinda ubingwa wa mtandaoni.

Zamu ya Salma ikafika. Kimya. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, ndipo pasi yake ikatokea. Kisha Mahadhi akataja shupaza, akapewa, akacheza, akashinda kila mzunguko alioahidi. Mzee Akber akabonyeza kitufe cha kuita msimamizi. Msimamizi nilikuwa mimi.

Sikumwita mtu mwingine. Sikumwuliza Salma neno. Nilifungua daftari, nikakuta nimeandika visa tisa vya Salma kusita katika msimu ule, nikajiambia ushahidi huu hapa. Nikafuta matokeo. Mzee Akber na mimi tukawa mabingwa. Halafu, kwa kuwa Mahadhi alilalamika kwenye grupu, nikapiga picha kurasa zangu na kuzituma, saa na tarehe zote, kila mtu azione. Mtu akaandika neno "wizi." Wa pili akalirudia. Mimi nililiona na sikulifuta.

Salma aliandika mara moja tu. "Bi Rukia, shikamoo. Sitabishana mbele za watu. Karibu Kirongwe, kaa kando yangu nicheze, uone." Kisha akatoka kwenye grupu.

Sikwenda. Wiki tatu nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kukuta kitu.

Wiki ya nne nilikutana na mumewe, Shabani, pale Kilindoni alipoleta nazi sokoni. Alinisogelea, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salma hajambo?"

"Hajambo, ila hatoki nje. Mama, sikuja kukulaumu. Nataka ujue tu. Zile karatasi zako zimefika mpaka Kirongwe, sijui nani kazituma. Wazazi wanasema mwalimu wa madrasa kakamatwa anaiba karata. Watoto kumi na mmoja wameondolewa. Yeye mwenyewe kaona bora aache."

"Aache karata?"

"Aache madrasa, mama. Karata alishaacha siku ile ile."

Miaka yote ya redio nilikuwa nawaambia wanaojifunza kwamba kimya cha chombo si habari. Chombo kikinyamaza kule Ras Mkumbi huenda betri imekufa, huenda kimepita nyuma ya ncha, huenda nahodha anakula. Unauliza, unaita tena, unaomba chombo cha jirani kiite. Hutangazi msiba. Niliyajua hayo nikiwa nalipwa mshahara, na nilipofanya kazi ya bure nikayasahau yote. Nilijionea aibu kiasi kwamba nilirudi nyumbani bila betri nilizokwenda kununua.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Kirongwe. Salma alinipokea kwa adabu, akaniletea maji, hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na rundo la makumbi ya nazi lililokaribia kimo cha mtu, na juu yake ubao.

"Hapa ndipo panaposhika mtandao," akasema. "Mama mkwe anapaita kiti cha enzi."

Tukapanda, mimi kwa kusukumwa. Nilikuwa nimepanga na Mzee Akber akae na tableti yake dukani Kilindoni, ambako mtandao ni mzuri, na laini ya simu ya kawaida ikawa wazi kati yetu. Tukafungua meza ya mazoezi. Salma akibonyeza, mimi nasema "sasa," na Mzee Akber anahesabu mpaka aone.

Karata za kwanza zilikuwa mbovu kabisa. Hakuna binadamu angezifikiria. Salma alibonyeza pasi papo hapo.

"Sasa," nikasema.

"Moja," Mzee Akber akaanza simuni. "Mbili. Tatu." Akaendelea taratibu. "Kumi na moja. Kumi na mbili. Nimeiona."

Tukajaribu tena. Kumi. Tukajaribu akiwa na karata nzuri. Kumi na tatu. Mara moja ilikwenda upesi, mara mbili ikakwama mpaka tukadhani imekufa. Karata ziwe nzuri au mbaya, muda haukujali. Mahadhi kule Tanga alikuwa amezoea dada yake kuchelewa kwa kila kitu, na kuchelewa kule hakukuwa kumemwambia lolote.

Nikatoa daftari langu mkobani, na hapo ndipo nilipoona kosa lenyewe. Nilikuwa nimeandika visa tisa kwa sababu watu tisa walilalamika. Na watu hulalamika wanapopoteza. Mara zile mia alizosita akiwa na karata mbovu na hakuna aliyepoteza kitu, hakuna aliyeniita, nami sikuandika. Daftari langu halikuwa na uongo hata mstari mmoja, na lilikuwa limemdhulumu mtu.

"Salma," nikasema, "nimekukosea."

"Hukuniuliza, Bi Rukia. Hilo ndilo lililoniuma. Ungeniuliza tu."

Simuni Mzee Akber alikuwa bado yupo. Tulisikia anapumua. Kisha akasema, "Mwalimu, ubingwa ni wenu wewe na kaka yako. Na mimi naomba radhi, nilibonyeza kile kitufe kwa tamaa." Salma akafunika uso kwa mtandio.

Jioni nilipita dukani kwa Mzee Akber. Nilidhani atakuwa na huzuni, kwa maana kwa umri wake hakuwa na misimu mingi ya kungoja. Alikuwa anapanga misumari.

"Rukia," akaniambia bila kugeuka, "nilikufundisha kucheza. Sikukufundisha kuniogopa. Ulitakiwa uniambie, mzee, kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, tafuta mwamuzi mwingine."

"Nyani ni nani hapo, mzee?"

"Wewe chagua utakayempenda. Chai hiyo."

Niliomba radhi kwenye grupu kwa sauti yangu, si kwa maandishi, na matokeo yakarekebishwa. Lakini wazazi wa madrasa hawako kwenye grupu letu. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nilirudi Kirongwe, na baada ya swala Shabani akaniombea nafasi ya kusema na wazazi kwenye kibaraza cha madrasa. Sikuzitetea karata. Kila mtu ana msimamo wake. Nilisema tu kwamba nilimzulia mwenzao jambo asilolifanya, na kwamba karatasi walizoziona ni makosa yangu mimi. Mzee mmoja akaniuliza kwa mshangao, "Na wewe, bibi mzima, unacheza karata?" Nikamjibu, "Nacheza mzee, na unavyoniona hivi ndizo zilizonifikisha mbele yako." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuteremka ngazi. Juma lililofuata watoto tisa walirudi. Wawili hawakurudi mpaka leo, na hao nawakumbuka kila ninapojisifu.

Tulibadilisha utaratibu. Msimamizi haamui meza aliyoketi, hata kama hukumu iko wazi kama mchana. Wasimamizi wakawa wanne. Salma alikaa kimya miezi miwili, kisha akanipigia. Alisema atarudi, lakini kwa sharti awe mmoja wa hao wanne. Nilimwambia hilo si sharti, hiyo ni zawadi. Wengi wenu mnaosoma hapa mmefundishwa na yeye, na mna bahati.

Mechi yangu ya mwisho kabla ya kuacha nilicheza kama mchezaji wa kawaida, Mzee Akber mkabala nami, na msimamizi wa siku alikuwa Salma. Katikati ya mnada nilikaa kitambo, kisha nikasema pasi. Mzee Akber akapandisha mnada kwa kopa, akashinda. Wapinzani wetu wa Mombasa wakaita msimamizi, na walikuwa na haki ya kuita.

Salma hakuandika neno mezani. Simu yangu ikalia.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba mwalimu."

"Kabla sijasema lolote, nataka nikuulize. Ule muda kabla ya pasi, kwako ulikuwaje?"

Mvua ilikuwa inanyesha Kilindoni nzima, na mtandao siku ile ulikuwa unakatika kila saa. Ningesema mtandao, hakuna mtu kisiwani ambaye asingeniamini. Yeye mwenyewe angeniamini kuliko wote. Nilimtazama mume wangu anakinga maji ya bati kwa ndoo.

"Mtandao ulikuwa mzima, mwanangu. Nilikuwa nafikiri."

"Ahsante kwa kunieleza. Basi alama nawapa Mombasa."

"Wape," nikasema. "Ni zao."